Ba Hataki Kubebwa

Kabla sijaeleza jinsi bibi yangu alivyotukuzwa na jengo zima kwa jambo ambalo hakulifanya, ni haki nikiri mapema kwamba mkosaji ni mimi, kwamba nilishaadhibiwa hadharani, na kwamba mapaja yangu yalichukua siku nne kunisamehe.

Bibi yangu anaitwa Mrudulaben Vora. Ana miaka sitini na tisa, na nyumba nzima tunamwita Ba, hata baba yangu ambaye ni mwanawe wa kumzaa. Tunaishi Bhavnagar, magharibi mwa India, ghorofa ya nne, katika jengo lenye lifti inayofanya kazi ikijisikia. Mimi nasoma shule ya bweni huko milimani, ambako baridi hufunga shule kuanzia Desemba hadi Machi, na walimu hutumia miezi hiyo kuugulia vituko vyangu.

Jumapili ya kwanza ya likizo tulikuwa mezani na ganthia za moto, vile vijiti vya unga wa dengu vilivyokaangwa, pilipili za kukaanga na kachumbari ya papai bichi. Baba akasafisha koo. Kila mwaka mwishoni mwa Februari familia yetu huenda Palitana kuupanda mlima wa mahekalu, ngazi zaidi ya elfu tatu na mia tano, na kila mwaka baba husafisha koo hivyo hivyo anapoanza kupanga safari. Kwa miaka mitano iliyopita Ba alipandishwa kwa machela, kile kiti kinachoning'inia kwenye mti mnene wa mwanzi, kwa sababu ya magoti.

"Ba, nimeshaongea na wabebaji," baba alisema. "Mwaka huu watakuja wanne."

Ba aliacha kutafuna. "Wanne? Si huwa wawili?"

"Huwa wawili, ndiyo. Ila safari hii waliuliza uzito."

"Na wewe ukawaambia."

"Waliuliza, Ba."

Mama akahamisha ganthia upande wa pili wa meza. Ba alifuta vidole, kimoja baada ya kingine.

"Nikunj," alisema, "mlima ule niliupanda nikiwa na mimba yako ya miezi mitano, na hakuna aliyeuliza uzito wa mtu. Mwaka huu nitapanda kwa miguu yangu. Nikishindwa, nabaki hapa naangalia televisheni."

"Lakini magoti, Ba."

"Magoti ni yangu."

Baba si mtu mkali, ila ni mhasibu, na hupenda mambo yawe na tarehe. Alisema wabebaji atawaacha kwenye orodha mpaka katikati ya Februari. Akiona kwa macho yake mwenyewe kwamba Ba anaweza, atawaambia wasije. La sivyo, machela.

"La sivyo, televisheni," Ba akamsahihisha.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa kwa kuvutwa kidole gumba cha mguu. Ba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, sari ya pamba imefungwa juu kidogo, raba nyeupe za mama miguuni.

"Amka. Jimu iko wapi?"

Jimu ya karibu iko juu ya duka la betri za pikipiki, na mwenyewe ni Mahipatsinh, jitu lenye masharubu yaliyopinda juu kama pembe za nyati. Alitutazama, akanisogelea mimi, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa vidole viwili, kwa huruma.

"Karibu, kijana. Hii mikono tutaishughulikia."

"Hiyo mikono iache," Ba alisema. "Imekuja kunishikia chupa ya maji. Mwanafunzi ni mimi."

Namheshimu Mahipatsinh hadi leo kwa sababu hakucheka. Vijana wawili waliokuwa wakijitazama kwenye kioo walicheka, naye akawatazama, nao wakakumbuka kwamba wana kazi mahali pengine.

"Ba, unataka nini hasa?" aliuliza.

"Ngazi elfu tatu na mia tano. Kwenda na kurudi."

"Lini?"

"Baada ya wiki kumi na mbili."

Alishika sharubu la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayeomba ushauri kwa pande zote mbili. Akavuta benchi. "Kaa hapa, Ba. Sasa simama bila kushika kitu."

Ba alisimama. Akakaa, akasimama. Mara ya sita uso ulikuwa mwekundu. Mara ya saba alikaa na hakuinuka tena, akatulia pale akitazama mbele kama abiria aliyekosa treni.

"Kesho saba," Mahipatsinh alisema, akaandika kwenye daftari. Tukashuka ngazi, Ba akiwa ameshika bega langu, na nikahisi mkono wake unatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Sita," alinong'ona. "Virag, umeona? Sita, bila kushika."

Sijawahi kufurahi vile tangu kengele ya bwenini ilipolia yenyewe katikati ya mtihani wa kemia. Siku hiyo hiyo nilijiteua kuwa Katibu Mkuu wa Mazoezi, nikabandika ukutani karatasi yenye mlima, na kila jioni nikawa nachora alama nyekundu inayopanda.

Chakula kilikuwa vita vingine. Karatasi ya kwanza ya Mahipatsinh ilisema mayai sita, kifua cha kuku, viazi vitamu, na kitu chepesi saa tatu usiku. Ba aliishika mbali na macho, akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Huyu kijana anataka nipate nguvu au nipate dhambi?"

Sisi ni Wajaini, watu wa dini isiyoruhusu kuua kiumbe chochote. Nyumbani kwetu yai halijawahi kuvuka mlango, kitu kilichochimbwa ardhini hakiliwi, na jua likizama mdomo wa Ba unafungwa hadi asubuhi. Mahipatsinh alijipiga paji la uso, akaomba radhi, akaanza upya. Choroko za kuchemsha. Mtindi. Dengu zilizokaangwa kavu. Maziwa, lozi kiganja kimoja, mboga za majani. Kila kitu kabla ya jua kuzama. Samli kijiko kimoja, si bakuli. Sukari guru hapana. Ganthia hapana.

"Ganthia hapana?" Ba alirudia, kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu.

"Jumapili tu, Ba. Vipande vitatu."

"Vitano."

"Vinne."

"Na pilipili."

"Pilipili kula utakavyo."

Kufikia mwisho wa Desemba alikuwa anasimama kutoka kwenye benchi mara ishirini, kisha benchi likaletwa fupi zaidi, kisha akapewa vyuma viwili vya kushika mikononi. Vijana wa kwenye kioo wakaanza kumsalimia. Jengo letu lina ngazi sitini na nane kutoka chini hadi mlangoni kwetu, na mimi, kwa kutumia hesabu ambazo shule inadai sizijui, nilitangaza kwamba mlima ni sawa na kupanda nyumbani mara hamsini na mbili. Ba akaanza na mara mbili. Kwenye sikukuu ya vishada, jengo zima likiwa juu ya paa likivirusha, yeye alikuwa anapanda na kushuka peke yake kwa utulivu, mara ya kumi na moja. Usiku sari zake zilikuwa zinapunguzwa kiunoni na mama, ambaye alikuwa anaimba akishona.

Hapo ndipo watu wakaanza kuona.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Ramilaben, ndiye mwenye habari za jengo. Alikuja na bati la adadiya, zile tamtamu za majira ya baridi zinazovuja samli hadi kwenye gazeti, ambazo amemletea Ba kila Januari tangu sijazaliwa. Ba akazitazama kwa muda mrefu. Akashukuru. Akasema mwaka huu hapana. Ramilaben akarudi na bati lake, na jioni akanibana kwenye korido.

"Virag, bibi yako anaumwa? Ana sukari?"

"Hapana, mama mkubwa. Ni mzima."

"Basi kwa nini hali tamu? Mama yako anasema hata samli haweki. Anakula choroko za kuchemsha kama mtawa. Na alfajiri anakwenda wapi? Na hizi ngazi anazozihesabu?"

Sasa, ningeweza kusema, jimu. Ni neno fupi. Lakini kulikuwa na kitu katika uso wa Ramilaben, matumaini fulani, na mimi ni binadamu dhaifu. Niliinamisha macho.

"Ba hataki lisemwe," nilisema.

Hadi kaburini nitaapa kwamba sikusema zaidi. Lakini kwetu mtu anayefunga saumu ndefu huheshimiwa kuliko bwana harusi, na anayefunga kwa siri huheshimiwa mara mbili. Kufikia kesho yake saa nne asubuhi jengo zima lilijua kwamba Mrudulaben wa ghorofa ya nne amechukua nadhiri kubwa, kimya kimya, na kwamba zile ngazi ni ibada ya mlima anayoifanya akiwa nyumbani.

Mwanzoni faida ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba niliona sina sababu ya kutubu. Hakuna aliyeleta tamtamu tena. Wanawake walipokutana na Ba kwenye ngazi walijibana ukutani apite. Waliinama, wakagusa miguu yake, wakamuuliza lile swali wanaloulizwa wanaofunga.

"Mrudulaben, uko katika utulivu?"

"Niko, asante," Ba alijibu akihema. "Leo hata goti la kushoto haliumi."

Nao wakatazamana, macho yamelowa, kwa unyenyekevu ule.

Wiki ya pili ya Februari kengele ya mlangoni ililia na baba akaitwa uani kwenye kikao cha jengo. Aliondoka na kalamu, akidhani ni mambo ya lifti. Dakika chache baadaye tukaitwa sote. Ua ulikuwa umejaa. Ba aliwekwa kiti cha mbele, na Ramilaben akasimama, akavuta sari kichwani, akatangaza kwamba jengo limeamua. Tutakwenda Palitana pamoja, kwa basi. Kutakuwa na ngoma kuanzia getini. Na kwa kuwa mtu aliyejinyima hivi kwa miezi mitatu hawezi kuachwa akanyage mawe, tumeandaa machela ya maua.

"Ya wabebaji sita," alisema Ramilaben, na watu wakapiga makofi.

Kutoka wanne tulikuwa tumefika sita. Niliutazama uso wa Ba. Wiki kumi. Benchi, vyuma, choroko, zile ngazi zote. Na mimi, kwa maneno matatu, nilikuwa nimempandisha tena kwenye kiti.

Baba, ambaye siku za kazi huondoka mapema na kurudi jua limezama, asimwone Ba akila, alikuwa amepiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka. "Ba, mbona hukuniambia? Mwanao ningekuwa wa mwisho kujua?"

"Kujua nini?" Ba aliuliza.

"Saumu yako."

Ba aliutazama ua mzima polepole, uso kwa uso, mpaka akafika kwangu. Hakupandisha sauti. Ba hajawahi kupandisha sauti.

"Virag. Njoo."

Nilikwenda. Nilikuwa nimetayarisha hotuba tatu za kujitetea, lakini zote zilihitaji Ba asinitazame. Nikasema kweli, mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliisema fupi.

Ba alisimama kutoka kwenye kiti bila kushika kitu.

"Sikufunga," aliwaambia. "Sikuchukua nadhiri yoyote. Heshima mliyonipa si yangu, nairudisha. Nilikuwa nakula mara nne kwa siku."

"Na alfajiri unakwenda wapi?" Ramilaben aliuliza, sauti nyembamba.

"Jimu."

"Jimu gani?"

"Ile ya juu ya duka la betri. Nabeba vyuma."

Ramilaben alihesabu kwa vidole.

"Nimekugusa miguu mara tisa, Mrudulaben."

"Nilidhani umedondosha hereni."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Ba akanigeukia. "Shika masikio."

Kila mtoto wa nchi hii anaijua adhabu hiyo. Mkono wa kulia sikio la kushoto, wa kushoto sikio la kulia, kuchuchumaa na kuinuka, mpaka mkubwa aridhike. Shuleni mimi ni bingwa wake, kwa mazoezi niliyopewa bure na walimu. Nikaanza. Ba akanitazama mara tatu, nne, kisha akakaza ncha ya sari kiunoni na kusimama kando yangu.

"Mjukuu akikosea na bibi amekosea," alisema. "Hesabuni."

Akashika masikio yake, akashuka hadi usawa wa kiti, akapanda. Alikwenda polepole na sawasawa, kama mlango wa benki. Wanawake wakaanza kuhesabu, kwanza kwa aibu, halafu kwa sauti, halafu watoto wakajiunga, na walipofika ishirini ua mzima ulikuwa unapiga makofi kwa mpigo mmoja na mimi nilikuwa nimesahau kwamba naadhibiwa. Mapaja yalinikumbusha nilipofika thelathini na nne. Nilikaa chini kwenye saruji. Ba aliendelea hadi arobaini, akaachia masikio, akapangusa jasho la mdomo wa juu.

"Ningeendelea," alisema, "ila chai inapoa."

Baba alikuwa ameshatoa simu. "Halo? Ndiyo, Nikunj Vora. Hapana, si wanne. Hapana, si sita pia. Sikiliza, ndugu yangu, hakuna anayebebwa."

Basi halikuahirishwa, kwa kuwa watu walishaweka nafasi na kutoa nguo mpya kwenye masanduku. Jua lilipotokeza tulikuwa chini ya mlima, jengo karibu zima, miguu peku. Mahipatsinh alikuja pia, amevaa kanzu nyeupe iliyombana mabegani, akiwa ameonywa na Ba kwamba asithubutu kupiga kelele za jimu mahali patakatifu.

Ngazi mia tano za kwanza Ba alizipanda akizungumza. Elfu moja, akinyamaza. Hewa ilikuwa baridi na tamu, mji ulikuwa unapungua chini yetu, na mimi nilikuwa napanda mbele, narudi nyuma, napanda tena, kwa sababu miguu yangu haikuweza kutulia. Tuliwapita wazee, tukawapita mabibi harusi wawili. Wabebaji walikuwa wanashuka wawili wawili na machela zao tupu wakimtazama Ba kwa jicho la kitaalamu. "Mama, panda, utachoka," walisema, na kila aliposema mmoja, Ba aliongeza mwendo kidogo.

Ramilaben alitufikia kwenye ngazi ya elfu mbili, akaegemea ukuta.

"Mrudulaben," alisema akihema, "hiyo jimu yenu. Ina saa za wanawake?"

"Ina mimi," Ba alisema. "Inatosha kwa kuanzia."

Kisha, mbele kidogo ya hapo, goti la kushoto likagoma. Niliona limekataa kabla yeye hajasema. Alikaa kwenye ukingo wa mawe, akanywa maji ya kuchemsha, na juu ya mlima ule hakuna kinachotiwa mdomoni zaidi ya maji, kwa hiyo sikuwa na dengu wala ganthia ya kumtia moyo. Baba alikuwa amekauka uso. Aliangalia juu, akaangalia chini ambako machela mbili tupu zilikuwa zinakuja.

"Ba," alianza.

"Nikunj, usisafishe koo."

Mahipatsinh alichuchumaa mbele yake. Hakupiga kelele. "Ba, usizitazame zile za juu. Hazikuhusu. Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuambia nini?"

"Simama bila kushika kitu."

"Basi."

Ba akaweka mguu wa kulia mbele, kama alivyofundishwa. Akainama kidogo. Akasimama. Ngazi moja, mapumziko, ngazi moja, mapumziko, halafu mbili, halafu sita kwa mkupuo, na nyuma yake mtu fulani wa jengo letu akaanza kuhesabu kwa kunong'ona, na kunong'ona kule kukapokelewa na wengine hadi kwa Ramilaben ukutani. Nilitafuta kichwani utani wowote wa kusema na nikakuta hamna.

Saa nne na dakika ishirini, Ba alikanyaga ngazi ya mwisho. Sari ilikuwa imelowa mgongoni, nywele zimemtoka, miguu inatetemeka hadi vifundoni. Mlinzi wa langoni, kijana mwenye kilemba cha rangi ya zafarani, aliharakisha kumsogezea kigoda wanachowekewa wazee.

"Keti, mama, keti upumzike."

Ba alikitazama kigoda kile.

"Nimekaa vya kutosha," alisema, akampita, akaenda kupanga foleni pamoja na watu wote.